Mgeni Mmoja Kwenye Daftari la Jumuiya

Daftari la mahudhurio la jumuiya yetu, kikundi cha kaya za Kikatoliki za jirani zinazosali pamoja majumbani, ni kaunta buku lenye jalada gumu na mgongo mwekundu. Nimelivalisha karatasi ya kalenda ya kanisa ya mwaka jana, picha ikiwa upande wa ndani, kwa sababu sikupenda uso wa Mama Maria uchubuke kila ninapolisukumia mkobani. Kushoto yamepangwa majina ya kaya 23. Kulia ni alama: vema ya bluu kwa aliyefika, nukta nyekundu kwa asiyefika, na herufi R kwa aliyeomba ruhusa. Chini, baada ya mstari ninaoupiga kwa rula, kuna neno "Wageni" na idadi yao.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Wanajumuiya walinichagua kuwa katibu mwaka 2016 wakisema mwalimu amezoea kuita majina, na kweli nimezoea. Naandika makala hii kwa sababu ya mstari mmoja wa Jumamosi ya tarehe 23 Septemba 2023. Kwa mwandiko wangu mwenyewe umeandikwa hivi: Wageni: 1.

Parokia yetu iko pembezoni mwa Dar es Salaam, upande wa Barabara ya Morogoro, kwenye vilima ambavyo wazee wanavikumbuka vikiwa mashamba ya mihogo na mikorosho. Leo ni nyumba juu ya nyumba, na katikati yake vichochoro ambavyo hata bajaji haipiti. Waamini wametoka kila kona ya nchi: Wachaga, Wahaya, Wangoni, Wafipa, Wapogoro, Wamakonde. Jumapili tunajaza Misa tatu, na bado wapo wanaokaa nje chini ya turubai wakimsikiliza padri kwenye spika. Mtu anaweza kusali hapo miaka mitano, akatoa zaka kwa namba ya bahasha yake, akapokea Komunyo kila wiki, na asipatikane hata mmoja anayejua amepanga wapi.

Anayetaka kuijua parokia kama hii asianze na Jumapili. Aanze na Jumamosi, saa 12:30 asubuhi, sebuleni kwa mtu.

Utaratibu huu una historia yake. Mwaka 1973 maaskofu wa nchi za Afrika Mashariki, wanachama wa AMECEA, umoja wa mabaraza yao, walikutana Nairobi wakakubaliana kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambamo watu wanajuana na kushikana mkono katika shida za kila siku. Mwaka 1976 wakakutana tena hapo hapo Nairobi, na safari hii ujenzi wa jumuiya ndio ukawa mada yenyewe. Kwa Mtanzania wa wakati ule jambo hilo halikuwa geni. Alikuwa tayari na balozi wake wa nyumba kumi, tangu TANU ilipouleta utaratibu huo miaka ya 1960. Sasa Kanisa nalo likashuka hadi mlangoni kwake.

Ukirudi nyuma zaidi unakutana na hitaji lile lile. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipoanza kazi Bagamoyo mwaka 1868, wengi wa Wakristo wa kwanza walikuwa watu waliokombolewa utumwani, na wengi wao walikuwa watoto. Walikuwa wamenyang'anywa ukoo mzima: hawana mjomba, hawana shangazi, hawana pa kukimbilia. Kijiji cha misheni kikawa ndio ukoo wao. Siwezi kuyalinganisha mateso yao na maisha ya mpangaji wa Dar es Salaam, lakini mtu asiye na ndugu karibu namjua, ni jirani yangu. Ndiyo maana maaskofu wa Afrika walipokutana Roma katika Sinodi ya mwaka 1994 wakalieleza Kanisa kuwa ni Familia ya Mungu, na Papa Yohane Paulo II akalithibitisha jina hilo katika waraka wake wa mwaka 1995, mimi sikulichukua kama pambo la maneno. Ukifiwa saa 8 usiku huku kwetu, kaka yako yuko Songea. Anayegonga mlango akiwa na kanga begani ni mama wa jumuiya.

Basi Jumamosi. Tunazunguka nyumba hadi nyumba kwa zamu. Mwenye zamu amefagia uwanja tangu alfajiri, amepanga viti vya plastiki, na mezani ameweka kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa na maua aliyoyachuma uani. "Tumsifu Yesu Kristo." "Milele na milele, amina." Watoto wanaingia na macho ya usingizi. Tunasali rozari, Matendo ya Furaha, na yule anayewahi kwenda kazini anaomba apewe fumbo la kwanza aongoze kisha aondoke. Halafu tunasoma Injili ya Jumapili inayokuja.

Injili tunaisoma kwa zile hatua saba zilizotoka katika Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini. Tunamkaribisha Bwana, tunasoma, na katika hatua ya tatu kila mtu anachukua neno moja au kifungu kifupi kilichomgusa, anakitamka mara tatu, polepole, na wote wananyamaza kati ya mara moja na nyingine. Huruhusiwi kuhubiri wala kueleza kwa nini umelichagua. Hatua hiyo naipenda kuliko zote. Mama aliyeishia darasa la nne na mhandisi wa maji wanatoa kitu kimoja, neno, na mara nyingi neno la yule mama ndilo ninaloondoka nalo.

Jumamosi ile ya Septemba tulikuwa na Injili ya wafanyakazi wa shamba la mizabibu, Matayo sura ya 20. Msomaji alikuwa katikati alipoingia kijana mmoja mwenye sweta la bluu la ulinzi na buti zenye vumbi. Macho yalikuwa mekundu kwa kukesha. Alikataa kiti kwa ishara ya mkono, akakaa kwenye kizingiti, kofia yake gotini. Ilipofika hatua ya tatu watu walitaja maneno waliyozoea kuyataja: shamba, dinari, wa mwisho watakuwa wa kwanza. Kikapita kimya. Kisha yule kijana akasema, "Hakuna mtu aliyetuajiri." Akanyamaza. "Hakuna mtu aliyetuajiri." Mara ya tatu sauti ilikuwa chini hata waliokaa upande wa jikoni hawakuisikia.

Kabla ya matangazo na michango alikuwa ameshaondoka. Nilifungua daftari, nikaandika: Wageni: 1. Sikumuuliza jina. Nilidhani Mama Mwenyekiti amemuuliza, na yeye alidhani nimemuuliza mimi.

Hapo kwenye michango nataka nisimame kidogo. Miaka ile nusu ya kikao chetu ilikuwa ya fedha. Mfuko wa msiba, mfuko wa wagonjwa, ujenzi wa nyumba ya mapadri, zawadi ya kumuaga paroko msaidizi, kitenge cha sikukuu ya somo wa jumuiya, yaani mtakatifu msimamizi wetu. Sisemi michango ni mibaya. Kanisa letu halina tajiri wa ng'ambo anayelilipia umeme. Bati tunalosalia chini yake limetoka mifukoni mwetu, shilingi 500 kwa shilingi 1,000, na najivunia hilo. Lakini mtu anayelipwa mshahara mdogo akifika kusali na kukuta majina yanasomwa kwa sauti, nani amemaliza na nani anadaiwa, wiki ijayo atalala. Mahubiri yoyote hayatamwamsha. Nimewaona wengi wakipotea hivyo, na mimi ndiye niliyekuwa nikisoma orodha ile.

Baada ya kikao, ikiwa ni zamu yetu ya usafi, tunakwenda kanisani na ndoo, madekio na mafagio ya chelewa. Kazi yangu huwa ni nta. Chini ya mishumaa ya Bikira Maria nta inadondoka sakafuni wiki nzima na kuganda. Unaikwangua kwa kisu kisichokata, taratibu, usiichubue terazo. Unapiga magoti nusu saa mahali ambapo wengine wamepiga magoti wakiomba, na vitu vyao unavikuta: kibanio cha nywele cha mtoto, tiketi ya basi iliyokunjwa, mara moja picha ya pasipoti ya kijana nisiyemjua, imechomekwa nyuma ya chungu cha maua. Niliirudisha pale pale.

Wanakwaya wanakuja tukiwa bado tunadeki. Mwalimu wao anaandika solfa ubaoni, d, r, m, s, na kuwafundisha sauti moja moja, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Unaweza kusikia besi peke yao wakirudia sehemu ileile mara 15, haina ladha kabisa, kisha sauti zote zinakutana na unajikuta umeacha kudeki. Jumanne na Alhamisi jioni wako hapo hapo, wametoka makazini, wengine hawajala. Legio ya Maria wanakutana Jumatatu. Alhamisi usiku kuna kuabudu Ekaristi. WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki ulioanzishwa nchini mwaka 1972, kwetu wana Jumapili yao mara moja kwa mwezi, na ukisikia hospitalini kuna mgonjwa asiye na wa kumpelekea uji, ujue wameshakwenda. Ijumaa ya kwanza ya mwezi padri anazunguka kuwapelekea wagonjwa Komunyo majumbani, na wakati wa Kwaresima kila Ijumaa ni Njia ya Msalaba.

Lakini kuna watu wa parokia hii ambao sikuwahi kuwajua mpaka mwaka 2024, nao ni watu wa Misa ya alfajiri.

Misa hiyo huanza saa 12 kamili, Jumatatu hadi Ijumaa. Mimi saa hiyo nakuwa nawaandaa watoto wa shule, kwa hiyo sikuwa nikienda. Ni watu 30, labda 40. Hakuna kwaya wala kinanda. Bibi mmoja mwenye miaka 84 ndiye anayeanzisha wimbo, juu kuliko inavyotakiwa, na wote wanamfuata huko huko juu. Bibi huyo alizaliwa Kilema, kule Kilimanjaro, na aliijua Misa ya Kilatini utotoni, kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, haujafungua mlango wa lugha zetu kwa hati yake ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963. Anakumbuka padri akiwapa mgongo, na wao watoto wakijibu maneno ambayo hakuna aliyewaeleza maana yake. Siku ya kwanza kusikia Misa yote kwa Kiswahili, anasema, mama yake alilia kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wengine wa alfajiri ni muuguzi anayetoka zamu ya usiku, mama muuza vitumbua anayeuacha unga ukiumuka, dereva wa daladala mmoja au wawili. Na walinzi. Walinzi wanatoka lindoni saa 12, au wanaombana dakika kumi wenyewe kwa wenyewe, wanaingia kwa mlango wa pembeni na kukaa benchi la nyuma.

Jumatano ya tarehe 13 Machi 2024, tukiwa wiki ya nne ya Kwaresima, mama mwenye nyumba wa kichochoro cha tatu kutoka kwangu alikwenda kwa Mama Mwenyekiti. Mpangaji wake amefariki hospitalini baada ya kuugua siku nne. Ni Mkatoliki, ndugu zake wako Sumbawanga, hawana uwezo wa kusafirisha mwili, wamekubali azikwe hapa. Mkononi alikuwa na mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Ndani mlikuwa na cheti cha ubatizo, kadi ya Kipaimara na rozari ya mbao ambayo msalaba wake ulikuwa umefungwa kwa uzi baada ya kiungo kukatika.

Tulikutana jioni ile kwa dharura, watu 14. Kwa utaratibu wa parokia yetu, kama ilivyo katika parokia nyingi nchini, mtu akitaka kubatiza mtoto, kufunga ndoa au kuzika, anapeleka ofisini barua ya jumuiya yake yenye saini ya mwenyekiti na katibu. Ni utaratibu wenye sababu. Padri mmoja hawezi kuwajua waamini elfu kadhaa, kwa hiyo anawategemea wanaowajua.

"Huyu hatumjui," alisema mzee mmoja, na hakusema kwa ubaya. Mwingine akasema, "Miaka minne yuko mtaani hapa, hajakanyaga jumuiya. Tukimwandikia huyu, kesho kila mtu atalala kwake akijua atazikwa tu." Kuna aliyekumbusha kwamba hajachangia mfuko wa msiba hata mara moja. Mama Mwenyekiti akanigeukia.

"Katibu, hebu fungua daftari."

Nikafungua. Nikapitisha kidole kwenye majina, mwaka 2020, 2021, 2022, 2023. Nikasema, "Jina lake halimo."

Lilikuwa jibu la kweli, na sijawahi kujutia jibu la kweli kama nilivyolijutia hilo.

Aliyetutoa hapo ni yule bibi wa Kilema. Yeye ni mwanajumuiya wetu, ila masikio yake yamechoka na alikuwa amekaa pembeni. Aliomba aone picha. Mama mwenye nyumba akamwonyesha kwenye simu, kijana amesimama mbele ya geti na sweta la bluu. Bibi akaisogeza simu karibu na macho, akakaa nayo muda mrefu.

"Huyu ni wa benchi la nyuma," akasema. "Huyu ndiye anayenishika mkono kunishusha ngazi. Kila siku. Mnasema hasali?"

Hakuna aliyejibu. Mimi nilikuwa nimeiona ile kofia pichani, na nikaikumbuka ikiwa gotini.

Asubuhi ya Alhamisi tulikwenda kwa Baba Paroko watu watatu, bila barua. Nilimweleza yote, pamoja na daftari. Alikifungua kile cheti akakisoma pande zote mbili. Kijana alibatizwa akiwa mchanga huko Ufipa, nchi ambayo Wamisionari wa Afrika, shirika linaloitwa pia White Fathers, waliifikia mapema kupitia Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, walikokabidhiwa ngome ya Wabelgiji mwaka 1885. Ubatizo, Komunyo ya kwanza, Kipaimara, kila kimoja na tarehe yake. Paroko akaenda kabatini akatoa kitabu cha Sheria ya Kanisa, ile ya mwaka 1983, akatufungulia kanuni ya 1176, inayosema waamini marehemu wapewe mazishi ya Kanisa, kisha ya 1184, inayotaja wanaonyimwa wasipoonyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa: walioikana imani hadharani, waliochagua kuchomwa mwili kwa sababu zinazopingana na imani, na wakosefu wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waamini. Hata wakatekumeni, wasiobatizwa bado, wanahesabiwa na waamini katika jambo hili. "Mwalimu, nitafutie humu asiyefika jumuiya," aliniambia. Hakupandisha sauti. Kisha akauliza ni nani atabeba msalaba siku ya Ijumaa.

Nimeyafikiria maneno yake mara nyingi. Barua ile iliwekwa ili padri amjue mtu kupitia sisi. Nasi tukaigeuza kuwa kipimo cha mtu kama anastahili, na daftari langu likawa ndio mizani. Jumuiya ilianzishwa ili mtu ajulikane. Kama hajulikani, deni ni letu kwanza kabla ya kuwa lake. Najua wapo makatibu wenzangu watakaosema bila ukali watu hawafiki. Nawaelewa, nilisema hivyo hivyo miaka minane. Lakini mtu wa zamu ya usiku anayelala saa 1 asubuhi ili aweze kukesha tena jioni, tukimwambia jumuiya ni Jumamosi saa 12:30 na si vinginevyo, tumeshamchagulia kutofika.

Ijumaa saa 8 mchana alizikwa. Nilitegemea watu 20. Walinzi wenzake walikuja na sare zao, wamepanga mstari, wale waliokesha usiku ule wakisinzia wakiwa wamesimama. Watu wa alfajiri walikuja wote, hata mama wa vitumbua. Wanakwaya walioweza kutoroka makazini walikuwa 11, sauti ya tatu hakuna hata mmoja, na waliimba hivyo hivyo. Msalaba aliubeba yule mzee aliyesema hatumjui. Hakuna aliyemwomba.

Kaka wa marehemu alikuwa amefika alfajiri ile kwa basi kutoka Sumbawanga, miguu imevimba kwa safari. Baada ya kuweka udongo alizunguka akitushukuru mmoja mmoja. Alipofika kwangu mtu akamwambia, huyu ndiye katibu wa jumuiya. Akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Asante sana, mama. Alishatuambia kwenye simu kwamba huku anasali jumuiya."

Nilimwitikia kwa kichwa. Sauti haikutoka.

Mwezi Aprili, baada ya Pasaka, tulikaa kikao kirefu kuliko vyote ninavyokumbuka. Tuliamua mambo machache. Michango haisomwi tena kwa majina. Mhazini anapokea kimyakimya na anayekwama anaongea naye pembeni. Jumapili moja ya kila mwezi tunasali saa 11 jioni badala ya Jumamosi asubuhi, kwa ajili ya wanaofanya kazi usiku na wenye vibanda vya biashara. Na wawili wawili tunapita vichochoroni kugonga milango, kujua tu nani anaishi wapi. Katika mzunguko wa kwanza tuligundua Wakatoliki tisa ndani ya eneo letu ambao hawakuwa kwenye daftari. Mmoja alikuwa mama mwenye pacha wa miezi mitano ambao hawajabatizwa. Aliogopa kuja kuomba barua kwa sababu hajafunga ndoa.

Mama Mwenyekiti alinishauri nirudi kwenye ule ukurasa wa Septemba, niliandike jina la yule kijana na kumwekea vema yake. Nilikataa. Rejesta haifanyiwi marekebisho baada ya siku kupita, na hilo nawafundisha hata walimu wanafunzi wanaokuja shuleni kwetu. Lisomeke kama lilivyoandikwa. Ila Novemba ilipofika, mwezi wa kuwaombea marehemu, kila jumuiya ilitakiwa kupeleka orodha ya marehemu wake wasomwe katika Misa. Niliandika wetu 16. Wa mwisho alikuwa yeye, jina la ubatizo na la ukoo, kwa kalamu ya bluu. Jumapili ile niliamka mapema nikaenda Misa ya kwanza ili nilisikie likisomwa, na bibi wa Kilema alikuwa ameketi benchi la nyuma.

Siku hizi, shule zikifungwa, nakwenda Misa ya alfajiri. Wakati wa kutoka huwa tunashindana nani amshike bibi mkono kwenye ngazi. Walinzi wananishinda karibu kila siku.

Jumamosi iliyopita zamu ilikuwa kwa dada mmoja muuza mboga, mpangaji wa chumba kimoja, wa kwanza kati ya wale tisa kukubali kutupokea. Zamani wapangaji tulikuwa tukiwaruka tukisema tunawahurumia, hawana pa kutukalisha. Alikuwa ametandika kitanda kwa shuka jipya ambalo mistari ya kukunjwa ilikuwa bado inaonekana, na mshumaa ameusimamisha ndani ya kikombe chenye mchele. Wazee wanne walikaa kitandani, watoto kwenye mkeka, sisi wengine tukajipanga kwenye ukumbi hadi mlango wa nje, na wapangaji wenzake wasio Wakatoliki wakazima redio bila kuombwa. Viti tulikuwa tumebeba wenyewe kichwani kutoka kwa Mama Mwenyekiti, vinane, tukipita vichochoroni kwa mstari mmoja kabla jua halijachomoza.